Ukuta wa Sebule ya Masalu

King'ora cha mgodi kilipolia, Asteria alikuwa anatia zipu kwenye sketi ya mwanafunzi. Aliondoa mguu kwenye cherehani, akatupia kanga juu ya vitambaa, akaingia ndani kufunika sufuria ya maharage. Senta nzima ya Nyang'olo ilikuwa inafanya hivyohivyo. Mama lishe walifunika vyungu, wauza michembe walikunja maturubai yao viazi vyao vya kukaushwa vikiwa ndani, na muuza mitumba aliyehamia juzi kutoka Iringa akawa anauliza kuna nini, kama wanavyouliza wote wanaohamia. Hakuna aliyejisumbua kumjibu, maana jibu lilikuwa njiani. Baruti ikalipuka. Vikombe vikagongana kabatini, kuku wakanyamaza, na upande wa mashariki, nyuma ya uzio, vumbi likapanda.

Lilipanda kama kawaida, likatulia kama kawaida, na lilipotulia likawa kota.

"Kota zimesimama," Asteria alisema kwa sauti, ili baba yake aliyelala chumbani asikie.

"Kwetu je?" Masalu aliuliza.

"Kwetu kama jana."

Kota zenyewe, zile za matofali, zilikuwa zimebomolewa muda mrefu. Mgodi ulizijenga kwa ajili ya wafanyakazi wa chini, kisha wapimaji wakagundua kwamba mshipa wa dhahabu umepita chini ya vyumba vya kulala. Familia zikaambiwa zihame kabla ya msimu wa kulima. Kampuni ilitoa lori la kubebea vyombo mpaka popote mtu apendapo, mradi pasiwe mbali. Tingatinga likapita, wachimbaji wakafuata, na pale palipokuwa na bomba la maji pakawa hewa, na chini ya hewa shimo.

Lakini vumbi lilikuwa limezoea pale. Kila jioni, baada ya mlipuko, lilikwenda kukaa mahali pake pa siku zote: safu za nyumba, tangi la maji, mijohoro, kamba za kuanikia nguo, vyote vya rangi ya ugoro, vyote kwenye kimo kilekile cha zamani, hata magari makubwa ya mawe yakawa yanapita chini ya sakafu za watu. Waliowahi kuishi kule waliweza kutembea juu yake bila shida. Wengine walizama. Mkaguzi mmoja kutoka makao makuu aliingia kwa kiburi akazama mpaka kiunoni, ikabidi avutwe kwa kamba, na tangu siku hiyo pakawekwa utaratibu getini. Kota zilikaa mpaka boza la maji lilipokuja kuzilowesha, kwa sababu kanuni zinataka vumbi liloweshwe. Watu wa Nyang'olo walikuwa wakizitumia kama saa. Kota zikisimama, michembe iingizwe ndani.

Hazikuwa kamili. Nyumba hii ilikosa mlango, ile ilikosa paa, nyingine haikuwa na jiko. Mwanzoni watu walidhani ni upepo. Kisha akafa baba yake Herman, mkazi wa zamani wa kota aliyekuwa amehamia Ushirombo, na jioni ileile paa lao likarudi lote, bati kwa bati. Watu wa Nyang'olo wakampigia Herman simu ya pole kabla ndugu zake hawajajua la kusema. Baada ya hapo kila mtu akaelewa, na hapakuwa na haja ya kulizungumza. Nyumba ilikosa kile ambacho wenyewe waliondoka nacho vifuani.

Kwa Masalu palikosekana kuta mbili za sebule. Mama Asteria alipofariki, ule wa dirishani ulirudi, na dirisha lake likiwa limefungwa. Wengine walijiuliza imekuwaje, maana mwanamke yule hakuwahi kukanyaga mgodini hata siku moja. Asteria hakujiuliza. Alikuwa anajua dirisha lile lilikuwa likifungwa na nani, na kwa nini. Ukabaki ukuta wa mbele.

Asteria alikulia pale, na hajaona bado mahali pazuri kuliko pale. Ukimpa nafasi atakueleza habari za bomba lile, lililokuwa halikatiki hata kiangazi kikikaza, watoto wakilifungulia na kuoga na nguo zao mpaka Bhoke, mama yake Chacha, awatimue kwa kandambili. Atakueleza habari za taa za njiani zilizovuta kumbikumbi wakati wa masika, na jinsi akina mama wa Kisukuma, wa Kikurya na wa Kihaya walivyogombana kuhusu namna ya kuwakaanga, kila mmoja akaishia kukaanga anavyojua yeye na watoto wakala nyumba zote. Krismasi moja kampuni ilimgawia kila mtoto kofia ngumu ya njano, saizi yake. Wakristo wakaenda nazo kanisani, Waislamu wakangoja Idi wakaenda nazo msikitini, na zilipochoka zikawa za kuokotea mayai. Mtoto akisinzia kwa jirani alilazwa hapohapo. Asubuhi hakuulizwa alilala wapi, aliulizwa amekula nini. Asteria akifika hapo katika kusimulia huangalia pembeni, kwa sababu alikuwa na furaha kweli, na furaha ile haijapata pa kwenda.

Alichokipenda kuliko vyote kilikuwa ovaroli.

Masalu alikuwa mchorongaji. Kazi yake ilikuwa kutoboa mwamba kwa mashine ili baruti ipate pa kukaa, na jioni alirudi mweupe toka kofia mpaka buti, macho tu ndiyo yake. Mkewe alimkataza kujikung'uta nje.

"Unawapa kuku dhahabu," alikuwa akimwambia. "Ingia ndani."

Mwamba aliotoboa ulikuwa mwamba wa dhahabu, kwa hiyo vumbi lake lilikuwa na dhahabu. Hilo halikuhitaji kwenda shule. Mama Asteria alifunga dirisha, akafunga mlango, akaziba upenyo wa chini kwa kanga iliyoviringishwa, akatandika shuka sakafuni. Ovaroli ilitundikwa kwenye msumari wa ukuta wa mbele, na watoto, wa kwake na wa jirani, wakapewa fimbo. Waliipiga huku wakiimba. Vumbi lilijaa chumba kizima likimetameta kwenye taa, mpaka hukumuona aliye mbele yako, ulimsikia tu akicheka. Masalu alikaa kwenye kigoda na kaptula yake, naye anacheka, anakohoa, anacheka. Asteria ndiye alikuwa mdogo kuliko wote, kwa hiyo alisimama karibu na ukuta kabisa, chini ya ovaroli, na kuipiga kwenye miguu. Vumbi likitua, mama alilifagia taratibu, akalisafisha kwenye karai kama wafanyavyo wachimbaji mtoni, na vilivyobaki viking'aa akavitia kwenye kopo la mafuta ya mgando. Kila nyumba ilifanya hivyo. Saa ile kota zote zilifunga madirisha, na nyumba zote zilikuwa zinaimba.

Walipohamishwa, Mama Asteria alilipeleka kopo kwa sonara mmoja wa Kahama. Sonara akaliinamisha, akalirudisha.

"Haya ni mawe ya kung'aa tu, mama. Hayana kazi."

Mama Asteria alilirudisha kopo nyumbani, akaliweka juu ya kabati, na liko pale hadi leo.

Sasa Masalu alikuwa amelala chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, anapumua kama mtu anayepanda mlima akiwa kitandani. Hospitali ilimpa dawa za kifua kikuu, akazimaliza. Wakampa tena, akazimaliza. Kisha wakampima wakaona hana kifua kikuu wala hajawahi kuwa nacho. "Ni kifua tu, mzee," daktari alimwambia, kwa upole, na kumwita anayefuata.

Jioni hiyo, Asteria alipompelekea uji, alimkuta amekaa wima.

"Mayu, nipeleke nyumbani," alisema. Alikuwa akimwita binti yake mayu, yaani mama kwa Kisukuma, tangu mkewe afariki.

"Ushetu?"

"Ushetu nilizaliwa. Nimesema nyumbani."

"Baba, kule ni vumbi."

"Nalijua vumbi kukuzidi." Akapumzika kidogo. "Sitaki kufia kwenye chumba cha mtu. Nataka nikae sebuleni kwangu, mambo yaishe."

Asteria alitamani kumwambia hafi. Alifungua mdomo aseme, akaona itakuwa ni kumdharau, akamshikia bakuli anywe.

Kesho yake alikwenda getini. Afisa uhusiano wa mgodi alikuwa dada anaitwa Loveness, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyelelewa vizuri, na hakuwa mtu mbaya. Alimweleza utaratibu. Mkazi wa zamani anaruhusiwa kutembelea kota, mradi aangalie filamu ya usalama, avae kofia ngumu, buti na kizibao cha kung'aa, na apimwe kifua.

Masalu akakodiwa bajaji, akaangalia filamu yote bila kukohoa, jambo lililomgharimu sana, akapigwa picha ya kifua. Asteria akaitwa ofisini.

"Pole, dada," Loveness alisema. "Mzee hawezi kuruhusiwa. Mapafu yake hayafai kuingia eneo lenye vumbi."

"Yameharibiwa na nini?"

"Hilo halihusu ofisi hii."

"Alichoronga mwamba wenu mpaka mkamstaafisha."

"Siku anastaafu alipimwa akaonekana mzima. Alipewa blanketi na saa ya ukutani."

"Kwa hiyo mnakubali kuna vumbi."

"Tunakubali mzee ana kifua," Loveness alisema. "Vumbi la mgodi haliruki uzio, dada yangu. Linapimwa kila siku."

Baruti ilikuwa imeshalipuka, na nyuma ya kichwa chake, dirishani, kota zilikuwa zimesimama mpaka kwenye mijohoro. Loveness alifuata macho ya mgeni wake. Akainuka akafunga dirisha, kwa kuwa karatasi za mezani zilikuwa zinaanza kubadilika rangi.

Asteria alitoka ofisini akiwa na hasira, na kwa kuwa hasira haikuwa na mtu wa kuipokea, akampigia simu Chacha.

Chacha ndiye aliyekuwa dereva wa boza. Mtoto wa kota, wa nyumba ya tatu kutoka kwao, na sasa kazi yake ilikuwa kuziosha kota kila jioni mpaka ziishe. Watu walimuonea huruma kwa hilo, yeye akasema ni kazi kama kazi nyingine. Alikuwa na desturi moja tu. Alianza kumwaga maji upande wa tangi, akamaliza na kwa akina Asteria, kwa sababu mle bado mwenyewe alikuwa hai.

"Nikichelewesha maji nafukuzwa, Aste," alisema. "Nina watoto."

"Usicheleweshe. Tubebe tu."

"Mzee anaweza kupanda juu kwenye kabini?"

"Utampandisha."

Alimpandisha. Jioni iliyofuata boza lilisimama nyuma ya senta, kwenye mashine ya kusaga, na Chacha akashuka akainama mbele ya mgonjwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Chacha. Mama hajambo?"

Bhoke alikuwa amezikwa Tarime mwaka juzi, na Masalu alikuwa amechangia rambirambi. "Hajambo," Chacha alijibu, akambeba. Alisema baadaye kwamba hakuwa mzito kama mtu mzima anavyotakiwa kuwa.

Masalu alikuwa amevaa ovaroli. Aliitafuta mwenyewe chini ya kitanda. Haikuwa imefuliwa tangu siku ya mwisho ya kazi, kwa sababu Mama Asteria aliiweka ingoje kukung'utwa, kisha wakahamishwa, na nyumba ya kupanga haikuwa yao kuijaza vumbi.

Getini mlinzi aliangalia ndani ya kabini, akamuona mzee, akaangalia kwingine. Naye baba yake alikuwa mchorongaji. Akafungua geti.

Boza lilisimama ukingoni mwa shimo, pale ambapo zamani palikuwa na kibao cha kukaribisha wageni. Mbele yao kota zilikuwa zimetulia, na chini yake magari ya mawe yalikuwa yanaunguruma. Chacha na Asteria walimshika mzee huku na huku, wakatembea naye njiani. Ardhi ya vumbi iliwabeba wote watatu bila kubonyea. Walipita kwenye bomba, na Masalu akaligusa kwa vidole kama anavyoguswa mtoto kichwani. Walipita kwa akina Chacha. Walipita kwa baba yake Herman, chini ya paa lake zima, na Masalu akasema, "Kwao kumekamilika," akashusha macho.

Kwao hawakuhitaji mlango. Waliingia kupitia pale ukuta ulipokosekana, wakamkalisha kwenye kigoda chake, ambacho kilikuwa palepale. Chacha akarudi kwenye boza kuanza kazi.

Sebule ilikuwa ndogo kuliko alivyoikumbuka Asteria. Msumari ulikuwa unaning'inia hewani, mahali ambapo ukuta ungekuwepo.

"Funga dirisha," Masalu alisema.

"Limefungwa, baba. Mama alilifunga."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akaanza kujivua ovaroli, mkono mmoja, akapumzika, mkono wa pili, akapumzika, mpaka akabaki na kaptula. Mbavu zake zilionekana zote. Akampa binti yake ile nguo. "Kung'uta."

"Baba, hii ndiyo inayokuua. Ndiyo iliyomuua mama."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu sonara," Masalu alisema. "Nilipoambiwa si dhahabu, nikajua ni kitu kingine." Akavuta pumzi, ikakwama, ikapita. "Lakini mlikuwa mnaimba, mayu. Sikupata kitu kingine kizuri kushinda kile. Kung'uta kidogo tu nione."

Asteria alilia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, ovaroli ikiwa mikononi. Kisha akaitundika kwenye ule msumari usio na ukuta, akaokota fimbo iliyokuwa imelala mahali pake nyuma ya mlango, akapiga. Alipiga tena. Hakuweza kuimba, basi akataja maneno ya wimbo tu, moja moja. Vumbi likajaa sebule likimetameta, maana jua la kuzama lilikuwa linaingia kupitia pale palipo wazi, na ndani ya vumbi akamsikia baba yake anacheka. Anacheka, anakohoa, anacheka.

Kila alipokohoa, tofali moja lilikaa. Lilianza la pembeni, kisha la jirani yake, yakaenda mstari, kisha mstari wa juu yake, kwa mpangilio mzuri, kama kazi ya fundi asiye na haraka. Ukuta ulipofika kwenye msumari, ovaroli ikapata pa kuegemea. Ulipofika usawa wa linta jua likazuiwa, na sebule ikawa na giza. Kicheko kilikuwa kimeshaisha. Kikohozi nacho kikaisha.

Nje, redio ya upepo ya boza ilikuwa inauliza mbona upande wa mashariki bado. Chacha alijibu kwamba anamalizia. Alikuja akapiga hodi, kwa kuwa sasa palikuwa na mahali pa kupigia hodi, na kumtoa mzee ikabidi wapite mlangoni.

Alizikwa Nyang'olo, siku ya jua kali. Loveness alifika msibani kwa niaba ya kampuni, akakaa kwenye mkeka na akina mama bila kuringa, akaleta blanketi na saa ya ukutani. Alipoulizwa na wazee habari za vumbi aliahidi kufikisha ujumbe wao juu. Muuza mitumba kutoka Iringa alisaidia kuchimba kaburi, na hakuuliza kitu.

Jioni ya mazishi, baada ya baruti, Asteria alikwenda ukingoni. Hakuzuiwa, kifua chake hakikuwa kimepimwa. Chacha alikuwa amesimamisha boza, anangoja. Walitembea pamoja mpaka mbele ya nyumba.

Ukuta wa mbele ulikuwa umesimama wote, umenyooka. Isipokuwa chini, mkono wa kushoto, chini kidogo ya pale ulipo msumari kwa ndani. Pale palikuwa na tundu. Lilianzia chini na kuishia kwenye kimo cha mtoto ambaye bado hajaanza shule.

Waliliangalia.

"Hilo si la mzee," Chacha alisema. "Mzee alikuwa mrefu."

"Si lake."

Chacha aligeuka akaangalia kwao. Wazazi wake wote wawili walikuwa wamezikwa, na kizingiti kilikuwa bado hakijarudi. Hapo kizingitini ndipo yeye alipokuwa akikaa zamani kula kumbikumbi. Alikiangalia kwa muda, akajifuta uso kwa kiganja.

"Nianzie wapi leo?" aliuliza.

"Popote tu."

Akarudi kwenye boza, akaanzia kwenye tangi, kwa mazoea.

Kesho yake king'ora kilipolia, Asteria alikuwa anapima kola ya shati la mwanafunzi. Aliondoa mguu kwenye cherehani, akatupia kanga juu ya vitambaa, akaingia ndani kufunika maharage. Baruti ikalipuka, vikombe vikagongana, saa zote mbili za ukutani zikatikisika. Alikohoa kidogo, kama alivyokuwa akikohoa tangu masika, akangoja vumbi litulie.

"Kota zimesimama," alisema, kisha akakumbuka kwamba chumbani hakuna mtu.

Alisimama pale dirishani akiwa na mfuniko mkononi.

"Kwetu kama jana," akajijibu, akafunga dirisha.